Gary Numan alianzaje? Gitaa, Minimoog iliyoachwa studio, na sauti ya mwaka 1979

Swali la msomaji: Mimi ni prodyuza chipukizi, kazi zangu zote nafanyia kwenye laptopu. Nimesikia kwamba Gary Numan, yule Mwingereza wa "Cars", aliokota sinthesaiza studio na ndiyo iliyomtoa. Ni kweli? Kabla ya hapo alikuwa nani? Na ile sauti nzito, ya baridi, naweza kuipata bila kununua mashine za zamani? Kila nikijaribu, yangu inatoka nyembamba kama mlio wa simu.

Jibu: Kisa cha studio ni cha kweli, ila neno "aliokota" tuliache, maana ile sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe) ilikuwa na mwenyewe. Na kusema kwamba ndiyo iliyomtoa ni kuruka hatua. Siku alipoikuta alikuwa tayari na bendi, mkataba, santuri mbili sokoni na nyimbo za albamu nzima alizozitunga kwa gitaa. Hapo ndipo penye siri, ya maisha yake na ya sauti yake pia. Numan hakuwa fundi wa mitambo aliyejifunza kutunga nyimbo. Alikuwa mpiga gitaa aliyeiweka sinthesaiza kwenye kiti cha gitaa, akaacha drams, besi na muundo wa bendi ya roki vikae palepale vilipokuwa. Ukiijenga sauti yake kuanzia kwenye sinthesaiza peke yake, lazima itoke nyembamba.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Gary Anthony James Webb, tarehe 8 Machi 1958, Hammersmith, magharibi mwa London. Baba yake alikuwa akiendesha basi la British Airways kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow. Si familia ya kitajiri, lakini wazazi walimwamini kijana wao mpaka mfukoni: gitaa lake la Gibson Les Paul lilitoka kwa baba, na gharama za mwanzo za vyombo na studio ziliingia kwenye akiba ya nyumbani. Baadaye baba huyohuyo akawa meneja wake. Watu wanaomsimulia Numan kama mpweke aliyetoka gizani na mashine zake husahau hesabu hiyo.

Alipitia bendi ndogo iliyoitwa Mean Street, kisha The Lasers, ambako alikutana na mpiga besi Paul Gardiner. Mwaka 1977 wawili hao wakaanza kutumia jina la Tubeway Army, na kwenye drams wakamweka Jess Lidyard, mjomba wa Gary. Kwa desturi ya wakati ule ya kujipachika majina, Gary akawa Valerian, Gardiner akawa Scarlett na mjomba akawa Rael. Jina la Numan lilikuja baadaye kidogo, nalo halina falsafa yoyote: alikuwa anapekua kitabu cha simu za biashara, akaona jina Neumann, akalipunguza herufi mbili.

Muziki wao wakati huo ulikuwa panki: gitaa lenye kukwaruza, mwendo wa kasi, nyimbo fupi. Mwenyewe amekiri kwamba panki ilikuwa mlango tu wa kuingilia, kwa sababu mwaka 1977 kampuni zilikuwa zinasaini panki. Waliowasaini ni Beggars Banquet, lebo changa iliyozaliwa kutokana na duka la santuri la Earls Court, London. Singo ya kwanza, "That's Too Bad", ilitoka Februari 1978, na ya pili, "Bombers", ilifuata katikati ya mwaka. Hakuna iliyogusa chati. Kwenye maonyesho nako hali haikuwa nzuri. Kumbi za panki za London zilikuwa na ngumi, na baada ya ghasia mwaka huohuo wa 1978 Gary aliamua kuacha kupiga jukwaani na kujifungia studio. Uamuzi huo watu hawautaji sana, lakini una uzito wake: mtu asiyelazimika kuzipiga nyimbo zake mbele ya watu wiki ijayo ana uhuru wa kubadilisha vyombo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa ile siku. Bendi ilikwenda Spaceward, studio ya Cambridge, kurekodi albamu ya panki waliyoiahidi lebo. Kwenye chumba cha kurekodia kulikuwa na Minimoog, sinthesaiza ya kampuni ya Moog, iliyokodishwa na wengine, ikisubiri kampuni ya ukodishaji ije kuichukua. Gary hakuwahi kugusa sinthesaiza ya kweli. Aliomba kuijaribu, akabonyeza kibonyezo kimoja, na chumba kikatetemeka. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wasimulizi wengi hulipita. Minimoog haina kumbukumbu. Haihifadhi sauti, sauti yake ni pale vifundo vilipoachwa na mtumiaji wa mwisho. Yeyote aliyeitumia kabla ya Gary aliiacha kwenye sauti nzito ya chini. Angeiacha kwenye sauti ya filimbi, yawezekana kijana angecheka kidogo na kurudi kwenye gitaa lake, kwa kuwa wakati ule hakujua kuigeuza.

Kampuni ya ukodishaji haikuja upesi, naye akawa na muda wa kutosha kufanya kitu ambacho wewe kama prodyuza unapaswa kukiangalia kwa makini. Hakutunga nyimbo mpya za sinthesaiza. Alichukua nyimbo zilezile za gitaa, na pale palipokuwa na kipande cha gitaa kinachojirudia, akakipiga kwenye Minimoog, noti zilezile. Lebo walipoisikia hawakufurahi, kwa sababu waliagiza panki, lakini fedha ya kuwarudisha studio haikuwepo. Albamu ikatoka Novemba 1978 kwa jina la Tubeway Army, nakala 5,000 za santuri za rangi ya buluu. Ukiisikiliza leo utashangaa ni gitaa tupu karibu kila mahali. Sinthesaiza inachungulia tu dirishani.

Albamu ya pili, "Replicas", ndiyo iliyofungua mlango. Ilirekodiwa kwenye studio ndogo ya Gooseberry mtaani Soho, London, Gary mwenyewe akiwa mtayarishaji, Gardiner kwenye besi, mjomba Lidyard kwenye drams. Nyimbo zinasimulia mji wa siku zijazo unaolindwa na mashine zilizovishwa ngozi ya binadamu. "Marafiki" wanaotajwa kwenye "Are 'Friends' Electric?" wamewekwa kwenye alama za kunukuu makusudi, maana ni mashine zinazoitwa nyumbani kwa mtu kumpa huduma, za aibu zikiwemo. Januari 1979 baadhi ya nyimbo hizo zilirekodiwa kwa ajili ya kipindi cha redio cha mtangazaji John Peel wa BBC. Machi ikatoka singo ya "Down in the Park", ikapita kimya. Aprili ikatoka albamu, na Mei ikatoka "Are 'Friends' Electric?".

Kwa kanuni zote za redio wimbo huo haukupaswa kufika popote. Una zaidi ya dakika tano. Hauna kiitikio cha kuimba. Katikati yake mtu anazungumza badala ya kuimba. Kwa kweli ni vipande viwili vya nyimbo ambazo hazikukamilika, vikaunganishwa, na ile noti inayokwaruza sikio kwenye kipande kikuu ilitokana na kidole kukosea kwenye piano ya zamani. Gary akasikia kosa ni tamu kuliko alichokusudia, akaliacha. Kilichosaidia sokoni ni mambo mawili ya kawaida kabisa: lebo ilitoa nakala za kwanza kama santuri zenye picha juu yake, na mwishoni mwa Mei bendi ikaonekana kwenye televisheni ya BBC, kwenye Old Grey Whistle Test na Top of the Pops, ndani ya wiki moja. Uso ule mweupe uliogeuka nembo yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulianza kama poda ya kuficha chunusi. Tarehe 30 Juni 1979 wimbo ulishika namba moja Uingereza, ukakaa hapo wiki nne, na Julai albamu nayo ikapanda namba moja. Kijana alikuwa na miaka 21.

Hapo jina la Tubeway Army likawekwa kando. Kuanzia "Cars", iliyotoka Agosti 1979, santuri ziliandikwa Gary Numan. "Cars" ilifika namba moja Septemba, na albamu yake, "The Pleasure Principle", ikakaa juu ya chati ya albamu wiki ileile. Mwaka uliofuata wimbo ulifika namba 9 Marekani. Safu ya bendi nayo ilibadilika: Gardiner alibaki, Cedric Sharpley akachukua drams, Chris Payne akaingia kwenye vinanda na viola, na Billy Currie wa bendi ya Ultravox akapiga fidla kwenye baadhi ya nyimbo.

Ultravox wanastahili sentensi mbili tatu, kwa sababu utasikia watu wakisema Numan ndiye aliyebuni muziki wa sinthesaiza. Si kweli, na yeye mwenyewe hasemi hivyo. Kraftwerk wa Ujerumani walikuwa wameshafanya kazi kubwa, Donna Summer alikuwa ameshika namba moja Uingereza mwaka 1977 kwa wimbo uliojengwa na sinthesaiza, na The Human League wa Sheffield pamoja na Daniel Miller, aliyejiita The Normal, walitoa singo zao mwaka 1978. Ultravox, kwenye albamu yao ya 1978, walikuwa wameshachanganya sinthesaiza na bendi kamili ya roki, na Numan ametamka wazi kwamba hapo ndipo alipotazama. Alichoongeza yeye ni wepesi. Alipunguza vyote mpaka mtoto wa shule aweze kuimba kipande cha sinthesaiza akiwa njiani kurudi nyumbani.

Sasa tuje kwenye laptopu yako.

"The Pleasure Principle" haina gitaa la umeme hata moja, lile la solo wala la ridhimu. Lakini ina gitaa la besi, na ina drams za mtu halisi. Hivi viwili ndivyo vinavyokosekana kwenye majaribio ya wengi. "Cars" yenyewe ni mojawapo ya nyimbo chache sana alizotunga kwa gitaa la besi. Kwa maelezo yake, alinunua besi ya bei nafuu, na kipande kile kikaja karibu papo hapo. Unachosikia mwanzoni mwa wimbo ni besi ya nyuzi na Minimoog zikipiga kitu kimoja, zimebanana. Nyuzi zinaleta ule mgongano wa kidole na chuma. Minimoog inaleta uzito wa chini. Ukiondoa mojawapo, kipande kinapoteza nusu ya ngumi yake.

Kwa hiyo anza na besi. Kama una mtu mwenye gitaa la besi, mrekodi akipiga kwa piki (kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi), karibu na daraja la nyuzi, bila mbwembwe. Kama huna, tumia sampuli nzuri ya besi iliyopigwa kwa piki, si kwa kidole. Mwendo weka mapigo kama 128 kwa dakika. Kipande kiwe kifupi, noti tatu nne tu, kirudi bila kubadilika. Halafu nakili noti hizohizo kwenye sinthesaiza yako.

Programu yoyote inayoiga Minimoog itakufaa. Surge XT ni ya bure na inatosha, na ukiwa na aipadi kuna programu ya Moog wenyewe iitwayo Model D. Minimoog ya kweli ina osileta tatu (sehemu zinazozalisha sauti), na inapiga noti moja tu kwa wakati. Weka osileta ya kwanza kwenye wimbi la msumeno (umbo la wimbi lenye meno, lenye sauti kali), kimo cha 16 (namba ikiwa kubwa sauti hushuka: 16 iko oktava moja chini ya 8). Ya pili wimbi la msumeno pia, kimo cha 8, ipotoshe kimo chake kidogo, kwa senti 5 hadi 8 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni). Ya tatu iweke kwenye wimbi mraba, kimo cha 16, ishushe sauti iwe nusu ya zile mbili. Filta iwe ya kupitisha sauti za chini, ya desibeli 24 kwa oktava, kwa sababu ndiyo aina iliyomo kwenye Minimoog. Ile ya desibeli 12 itakuachia mchanga mwingi juu. Ifunge hadi kama hezi 500 au 700, rezonansi (msisitizo wa sauti pale filta inapokatia) kidogo, asilimia 10 hadi 20. Sauti ipande papo hapo, ishuke ndani ya milisekunde 400 hivi, ibaki kwenye asilimia 60 au 70 wakati kidole kimeshikilia, na ikatike haraka kidole kinapotoka. Namba hizi ni za kuanzia; malizia kwa sikio.

Kisha zima kitu kimoja ambacho karibu kila programu hukiwasha yenyewe: mwitikio wa nguvu ya kidole. Minimoog haijui kama umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Kila noti inatoka na uzito uleule. Ubaridi unaousikia kwa Numan, kwa sehemu kubwa, ni huo. Si mwangwi wala hirizi ya studio. Ni noti zisizopanda wala kushuka kwa hisia za mpigaji, zikikaa juu ya drams za binadamu anayepumua. Ukizipa noti zako nguvu tofautitofauti, umeshatoka kwenye mtindo wake.

Upotovu wa osileta nao una somo lake. Kwenye mashine halisi osileta huhamahama kimo chake kadiri joto linavyobadilika, ndiyo maana mafundi huiwasha nusu saa kabla ya kurekodi na kuilinganisha na ile toni ya A ya hezi 440 iliyojengwa ndani yake. Kwenye kompyuta senti 7 zitabaki senti 7 mpaka kiyama. Kama programu yako ina kifundo cha kuyumbisha kimo, kiongeze kidogo tu, mpaka uhisi lakini usiweze kuonyesha kwa kidole. Kama haina, rekodi kipande mara mbili, mara ya pili ukiwa umebadilisha upotovu kwa senti moja au mbili, na uziweke zote katikati. Usizipeleke moja kushoto na nyingine kulia. Hapo ndipo sauti nyingi huanza kupwaya.

Ile sauti nyingine, ya juu, inayoelea kama kwaya ya vioo kwenye "Cars", si Minimoog. Ni Polymoog, na kwa usahihi zaidi ni Polymoog Keyboard, namba 280a, kwenye sauti ya kiwandani iliyoandikwa Vox Humana (Kilatini, "sauti ya mtu"). Wengi huitafuta kwenye Polymoog ya namba 203a na kuikosa, kwa kuwa sauti zilizopangwa za mashine hizo mbili hazifanani. Mantiki yake ni ileile ya kinanda cha harusini: unabonyeza kitufe chenye jina, sauti inatoka. Tofauti ni kwamba Polymoog inaweza kulia vibonyezo vyake vyote 71 kwa pamoja, kila kimoja na saketi yake ndogo. Hiyo ndiyo sababu ya sauti yake ya kipekee, na pia ndiyo sababu mafundi waliiogopa: saketi nyingi, njia nyingi za kuharibika.

Kuiga Vox Humana, tumia matabaka mawili ya wimbi la msumeno, kimo cha 8, yapishane senti 6 hivi. Tabaka moja lipe mtikisiko wa kimo, mara 5 au 6 kwa sekunde, mdogo. Tabaka la pili liache limetulia. Msuguano wa kinachotikisika na kisichotikisika ndio unaoleta ile hali ya sauti ya mtu ambaye si mtu. Ukiyatikisa yote mawili unapata fidla za bei rahisi. Filta iwe wazi kiasi, sauti ipande polepole kwa milisekunde 80 hivi na ichelewe kuisha kwa milisekunde 400. Piga mstari mmoja tu, noti ndefu, oktava moja au mbili juu ya sauti ya mwimbaji. Makosa makubwa hapa ni kujaza kodi (noti kadhaa kwa pamoja) nene za vidole vitano. Sikiliza tena "Cars": sauti ya juu ni mstari mmoja mwembamba, na uwazi ulio chini yake, kati yake na besi, ndio unaoufanya wimbo usikike mkubwa. Mwangwi uuweke kwenye sauti hii, sekunde moja na nusu au mbili. Kwenye besi usiweke kabisa.

Drams ziwe za kukauka. Kiki na sneya karibu na sikio, bila mwangwi wa ukumbi. Ngoma zenye mwangwi mkubwa uliokatwa ghafla, ambazo watu huzihusisha na miaka ya themanini, zilikuja baada ya albamu hii. Tafuta sampuli za drams za kweli, na usizinyooshe mapigo yake kwa kompyuta hadi mia kwa mia. Acha asilimia 10 au 15 ya makosa ya mpigaji. Sharpley alipiga kwa uthabiti wa saa, lakini alikuwa mtu, na kichwa cha msikilizaji kinajua. Ongeza tamburini ya kweli kwenye mpigo. Ni kitu kidogo chenye kazi kubwa kwenye "Cars".

Muundo nao usiupuuze. "Cars" haina kiitikio chenye maneno. Mistari ya kuimba ni michache na mifupi, ikiachiana nafasi na sinthesaiza, na maneno yakishaisha wimbo unaendelea mpaka mwisho kwa vyombo tu. Maana yake sinthesaiza ndiyo inayoimba kiitikio. Prodyuza wengi wa leo huweka sinthesaiza nzuri halafu huifunika kwa kiitikio cha sauti nne. Chagua kimoja. Sauti ya kuimba yenyewe iwe bapa, ya puani kidogo, bila kutikisa mwisho wa neno. Kama una programu ya kurekebisha sauti, izime. Numan hakuwa mwimbaji wa kanisani, na ule ugumu wa koo ndio unaofanya maneno ya "Cars" yaaminike. Maneno hayo yalitokana na siku ambayo watu walitaka kumtoa garini kwenye foleni ya London, akafunga milango na kujiona salama ndani ya kile kisanduku cha chuma.

Kuhusu kutoka kama mlio wa simu, kagua mambo haya kwa mpangilio. Kwanza zima sinthesaiza zote, usikilize besi na drams peke yake. Kama kichwa hakitikisiki, rudi huko, usiendelee mbele. Pili, angalia kama sinthesaiza ya besi iko kwenye kimo cha 16 kweli, kwa sababu programu nyingi huanza kwenye 8. Tatu, ondoa plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kupanua sauti kushoto na kulia kwenye kitu chochote kilicho chini ya hezi 150. Ukisikiliza kwenye spika moja ya simu, matabaka yaliyopanuliwa hufutana na unabaki na kelele za juu tu. Nne, pitisha sinthesaiza kwenye programu inayoiga ampu (kikuza sauti) ya gitaa, yenye mkwaruzo mdogo. Usiione kama ujanja. Sauti hii imekalia kiti cha gitaa, basi ipewe na ampu yake.

Kwa kusikiliza, usianze na mkusanyiko wa nyimbo bora, utakuchanganya mpangilio. Anza na "That's Too Bad" ili umsikie mpiga gitaa wa panki. Kisha albamu ya kwanza ya Tubeway Army, ukihesabu ni mara ngapi sinthesaiza inajitokeza. "Replicas" isikilize nzima, kwa sababu hapo vyombo viwili vinagombania nafasi moja, na "Down in the Park" ndipo sinthesaiza inaposhinda waziwazi. Baada ya hapo "The Pleasure Principle", ukitilia maanani "Metal", "Films" na "M.E." pamoja na "Cars". Kipande cha "M.E." utakitambua hata kama hujawahi kuusikia wimbo: Basement Jaxx walikichukua mwaka 2001. Na Sugababes walishika namba moja mwaka 2002 wakiimba juu ya "Are 'Friends' Electric?", vipande vilevile, takriban miaka 23 baadaye, bila haja ya kuvinenepesha.

Malizia na "Telekon" ya Septemba 1980, albamu yake ya tatu mfululizo kufika namba moja, pamoja na singo ya "We Are Glass" iliyoitangulia. Humo gitaa la umeme limerudi. Lakini lisikilize lilipokaa: chini ya sinthesaiza, likiisindikiza, kwenye ile nafasi ambayo Minimoog ilikuwa nayo kwenye albamu ya kwanza.